Msamaha Nilioutoa Hierapoli

Marungu, Voi
12 Oktoba 2024

Kwako Dada Wakio,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumai wewe, shemeji Idi na watoto mko salama huko Bomeni, na kikohozi cha Zubeida mdogo kimetulia. Sisi tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Nimeandika kwa sababu haya kwa simu ningeshindwa. Ningeanza kulia, nawe ungekata.

Ulisikia kwamba mwezi uliopita nilimpeleka Baba Uturuki pamoja na mahujaji wa kanisa. Unakumbuka alivyofundisha somo la dini miaka thelathini, akichora ubaoni Laodikia na Hierapoli ambazo hakuwahi kuziona. Alitaka azikanyage kabla hajafumba macho.

Tulifika Hierapoli Jumanne asubuhi. Dada, mlima mzima ni mweupe, kama nyuzi za mkonge zilizoanikwa kule Mwatate, na maji ya moto yanateremka kidimbwi hadi kidimbwi. Huruhusiwi kukanyaga na viatu. Baba alivua vyake, akakunja suruali, akaingia akicheka. Aliwaeleza wenzetu kwamba ukiyagusa maji yale ndipo unapoelewa kwa nini katika Ufunuo watu wa Laodikia, mji wa jirani, waliitwa vuguvugu. Hata yule mwenye kututembeza alisogea kumsikiliza. Nilijivunia kuwa mtoto wa mwalimu.

Juu ya vidimbwi hivyo ndiko uliko mji wenyewe wa Wagiriki wa kale, na kando ya barabara yake makaburi ya mawe, mamia kwa mamia. Nilimketisha Baba kivulini, nikamwambia asiondoke, nikapanda kupiga picha za ukumbi wao mkubwa wa maonyesho, wa ngazi za mawe. Niliporudi hakuwepo.

Tulimtafuta karibu masaa mawili. Mchungaji Sylus, kiongozi wa msafara wetu, alirudi kwenye maji, mimi nikakimbilia makaburini. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kaburi lililo wazi, hana viatu, soksi zimechanika, anaita kwa Kidawida chetu. Alidhani yuko Chawia, kwenye pango la mafuvu ya ukoo alikopelekwa akiwa mtoto. Alikuwa akitafuta fuvu la babu yake, na alilalamika kwamba wazee wamelihamisha bila kumwambia.

Nilimshika mkono. Alinitazama sana, kisha akasema, "Wakio, umekuja."

Sasa nikiri. Mwezi wa Machi daktari aliniambia kwamba akili ya Baba inapotea na haitarudi. Nilikuficha. Nilikuwa na hasira kwamba tangu uolewe hukanyagi hapa, ingawa najua ni Baba aliyekufungia mlango kwa sababu ya dini ya Idi.

La pili ndilo linalonitesa. Pale makaburini alikuomba wewe msamaha. Alisema siku ya harusi yako alivaa suti, akafika hadi stendi ya Voi, akakaa kwenye benchi mpaka saa kumi, akarudi nyumbani. Alisema tangu siku hiyo hajawahi kumaliza sala. Akaniuliza, "Umenisamehe, mwanangu?" Na mimi, Dada, nikajibu, "Nimekusamehe, Baba." Alilia, akainuka, tukaondoka.

Msamaha huo haukuwa wangu kuutoa. Tangu turudi anawaambia majirani kwamba mmepatana, na kila siku ananiuliza mbona hujaleta watoto. Siku nyingine mimi hanijui. Wewe bado anakukumbuka.

Sikuambii umsamehe, wala mimi sistahili kukuomba lolote. Ila kama una neno la kumwambia, hata liwe kali, njoo umwambie angali anajua ni nani anayesema naye. Njoo asubuhi. Ikifika saa sita mchana akili yake huwa imeshatutoka.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi... la, mama yao mdogo; hata maneno yananipotea.

Ni mimi mdogo wako,
Mkamburi