Kifungu ya Mayi

Likasi, tarehe 9 Machi 2021

Mudogo wangu Arsène,

Jambo kwako na kwa Laure, muke wako. Batoto banaamuka vizuri? Ile kikohozi yako imeisha? Sisi huku tuko bazima, Mungu anatushika. Nakuandikia ku karatasi juu ku simu, hata kwa dada yako mukubwa, unasemaka kila mara, "Yaya, niko mu réunion, kikao haijaisha."

Tangu corona ifunge kazi, Gauthier bwana yangu hajaitwa tena. Tunakula kwa bustani yangu, ile ya pembeni ya kijito, njia ya Kambove. Sasa na bustani nayo inakufa. Ile kiwanda mupya ya shaba ilichimba mufereji, na mayi yao ya asidi inashuka mu kijito yetu. Mboga yangu ya lengalenga inaungua majani kama imepita mu moto. Mama Sephora, jirani wangu wa bustani, alinawa mikono, ngozi ikabanduka.

Juzi tulisikia sauti yako ku radio: Bunge inatayarisha sheria yenye banaita ya kijani, ya kuinua uchumi kisha corona, bila kuua bulongo ya kulima na mayi. Bamama bote balipiga vigelegele. Weye njo depite wetu mu ile Bunge. Sema nabo.

Yaya yako,
Mathilde


Kinshasa, tarehe 2 Mei 2021

Yaya Mathilde,

Nakusalimia kwa heshima, weye na shemeji Gauthier. Kikohozi imeisha, ni joto ya huku tu inanichosha. Laure naye atajifungua mwezi wa sita.

Barua yako niliisomea benzangu ba komisio yenye inatayarisha ile sheria. Nimeandika kifungu moja: kila kampuni yenye itasamehewa kodi juu ya hasara ya corona, isafishe mayi yake mbele ya kuimwaga. Na bantu benye balipoteza kazi balipwe kwa kupanda miti na kufufua vijito. Tunaiita "kifungu ya mayi". Bengi balinipongeza, hata benye hatupatanaka.

Nitumie chupa ya ile mayi, baione kwa macho yao. Vumilia, yaya. Mvua ikirudi, itakuta iko sheria.

Mudogo yako,
Arsène


Likasi, tarehe 20 Julai 2021

Mudogo,

Pokea salamu ya baridi ya Likasi. Sisi tuko vizuri, ni mikono ya Mama Sephora tu haijapona. Laure alijifungua salama? Mutoto anafanana na nani?

Abbé Adolphe, padri wetu, anasafiri Kinshasa, anakubali kukuletea chupa. Alifikiri ni mayi ya baraka. Akauliza, "Juu ya nini iko kijani?" Nikamujibu, "Abbé, hii njo kijani yetu."

Gauthier amekuwa muntu mupya. Amepanda miche mu makopo, imejaa lupangu nzima ya nyumba, mupaka sina pa kuanika nguo. Anasema sheria ikitoka, imukute tayari. Anaimba wakati ya kumwagilia. Ilikuwa zamani sijamusikia anaimba.

Bantu ba kiwanda balikuja kutugawia vitenge. Mukubwa wabo akasema, "Hii mayi iko vile tangu zamani, wakati ya bankambo." Mama Sephora akachota kikombe, akamunyooshea: "Basi kunywa, baba." Balipanda motokari yabo.

Yaya yako,
Mathilde


Kinshasa, tarehe 28 Novemba 2021

Yaya wangu,

Uko muzima? Na shemeji? Nimekawia kuandika, nilikuwa natafuta namna ya kukuambia.

Niliweka chupa ku meza ya komisio. Mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa, ondoa ile, itachafua kitambaa." Kisha akasema, "Shaba isimame kwanza. Mayi itangoja." Kifungu ikafutwa pale pale. Sheria ikaenda mu Bunge na jina yake nzuri ya kijani, ndani hakuna kitu. Niliomba neno, micro ya kusemea haikuwaka. Wakati ya kura nilinyoosha mukono kukataa. Mwenye kuongoza kikao aliniangalia, akasema, "Hakuna mwenye anapinga," akapiga nyundo. Mukono yangu ilikuwa ingali juu.

Umwambie shemeji... Sijui umwambie nini.

Mudogo yako,
Arsène


Likasi, tarehe 16 Januari 2022

Mudogo,

Nisamehe, leo sina salamu murefu. Barua hii naipiga picha, nakutumia ku simu. Ya mukono itachelewa.

Mvua ilijaza mufereji, asidi ikaingia mu bustani yote. Gauthier na banaume bengine balibeba mifuko ya bulongo kuuziba. Aliteleza, akaingia ndani mupaka magoti. Polisi balimufunga vile vile na vidonda, ati aliharibu mali ya kampuni.

Nilimuuliza komanda, "Na kampuni yenye iliharibu kijito?" Akanijibu pole pole, bila ubaya, "Mama, niletee sheria yenye inasema vile. Nitabafunga nabo."

Nilitoka pale, nikakuandikia. Arsène, fanya kitu.

Yaya yako


Kinshasa, tarehe 16 Januari 2022

Yaya,

Nimepiga simu moja. Shemeji atatoka leo, umupeleke hospitali.

Kwa muntu mumoja, simu yangu inatosha. Kwa kijito, sijui naweza kuita nani.

Mudogo yako


Likasi, tarehe 5 Juni 2022

Mudogo wangu Arsène,

Unaamukaje? Na Laure, na batoto? Umeandika mara mingi, miye sikujibu. Usikasirike. Miguu ya Gauthier imepona, lakini ngozi haikurudi vile ilikuwa. Miche ilikauka wakati alikuwa kitandani. Mama Sephora amehamia Mulungwishi kwa ndugu yake. Aliaga bila kulia, na ile njo iliniumiza zaidi.

Ku kiwanda balisikia Gauthier ni shemeji ya depite. Balikuja nyumbani na maneno tamu, bakamupa kazi. Analinda mufereji, muntu asiuzibe tena. Nilimuuliza, "Weye, Gauthier? Mufereji ile ile?" Akasema, "Batoto bakule nini?" Nilirudi mu jikoni. Kila asubuhi anavaa buti yabo, anasimama pale, na banaume benye balibeba naye mifuko banapita bila kumusalimia.

Ku radio tunasikia unataka kurudisha kifungu ya mayi. Bamama banafurahi tena. Miye nahesabu peke yangu: ikipita, mufereji itafungwa, na mwenye kuulinda atarudi nyumbani.

Jana Abbé alituambia tuombee Bunge. Nilipiga magoti pamoja na bengine. Lakini sikujua niombe ipite ao ishindwe.

Yaya yako,
Mathilde