Masizi ya Sabasaba

Jumapili, 6 Julai 1980

Upepo wa Ufipa tena. Nimefua mashati kwa maji matupu, sabuni dukani ni hadithi tu. Ugali umeungua chini. Nimeula hivyo hivyo.

Kondakta wa basi la Mbeya kaniletea salamu za mke wangu. Atu amejifungua salama kwao Tukuyu na Jumamosi anarudi. Mtoto wa kike, ananyonya vizuri. Nikamuuliza anafanana na nani. Akasema yeye amekabidhiwa ujumbe, hakukabidhiwa sura. Mshenzi. Nimecheka mpaka alipoondoka, kisha nimekaa kitandani bila kufanya lolote.

Mtoto wetu wa kwanza, Ambakisye, alifia humu ndani. Kifua, baridi kama hii. Tulikuwa tunapikia ndani wakati ule. Atu alisema haleti tena mtoto kwenye nyumba yenye moshi. Nikajenga jiko uani. Nikaahidi.

Kesho nawasha friji ya mafuta ya taa aliyoniachia mwalimu Mwakalinga alipohamishwa. Nataka Atu akute maziwa ya baridi. Mafuta ya taa ninayo kidogo sana. Sanga, dereva wa trekta ya kijiji, kanipa dizeli kwenye galoni. Nitachanganya.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ningebaki kitandani.

Nimewasha asubuhi. Moto ulikuwa mwekundu, mrefu, badala ya buluu. Nikajiambia utatulia. Nikafunga madirisha vumbi lisiingie, nikaenda uwanjani kusikiliza hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu, na mimi nilipiga makofi kila mahali palipotakiwa.

Nimerudi mchana, nikafungua mlango, nikadhani nimekosea nyumba. Nyeusi yote. Kuta, dari, mapazia, chandarua. Masizi yananing'inia kwenye pembe kama nyuzi. Kitanda cha mtoto nilichomchongesha fundi, cheusi. Sweta ndogo alizofuma Atu kabla hajaondoka, zote nyeusi.

Friji yenyewe ndani ina joto.

Nimechota maji ndoo nzima nikayamwaga ukutani, nikasugua kwa brashi. Masizi ya dizeli yana mafuta. Hayakutoka, yamesambaa tu. Palipokuwa peusi pamekuwa peusi na michirizi. Nimejitukana Kiswahili chote nilicho nacho, kikaisha, nikaendelea kwa Kinyakyusa.

Jumanne, 8 Julai

Ofisini bosi kaniuliza kama nimefungua gereji. Kucha zangu ndizo zilizoniumbua. Nimeficha mikono mifukoni.

Jioni maji ya majivu. Afadhali kidogo kwenye sakafu, ukutani hakuna kitu. Nakohoa. Nikitema, kinatoka cheusi. Mimi mtu mzima.

Mlango nimeufunga muda wote. Sitaki jirani hata mmoja aone.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda stendi kumtafuta kondakta yule. Nia yangu amwambie Atu asije kwanza, akae kwa mama yake mwezi mwingine. Nilikuwa na maneno yote tayari. Nyumba inapakwa chokaa, ningesema. Uongo safi kabisa.

Kondakta nikamwona. Nikamnunulia chai. Sikusema.

Niandike ukweli maana hapa sioni wa kumdanganya. Nilipowaza kwamba mtoto hatakuja, nilipata nafuu. Si kwa sababu ya masizi. Tangu tumzike Ambakisye sijabeba mtoto wa mtu yeyote. Nikipewa nasema nina mafua. Mwanaume mzima anatafuta sababu ya kumkimbia binti yake, na kaipata ukutani. Nimejiogopa.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Kristina kaingia bila kubisha. Ni mke wa mzee Kasiano, balozi wetu wa nyumba kumi, na hajawahi kuona mlango uliofungwa akauheshimu. Nimesema shikamoo mama, nikiwa nimejiziba pua kwa taulo. Kaangalia kuta. Nikamweleza habari za friji. Kacheka mpaka kashika mwimo wa mlango.

"Baba, Julai hii Ufipa yote ni friji! Wewe unawasha moto upate baridi?"

Halafu kaona kitanda cha mtoto. Kicheko kikakatika. Kapitisha kidole kwenye mbao, kakitazama, kaondoka bila kuaga. Nilijua kesho mtaa mzima utakuwa unanicheka.

Jioni mzee Kasiano kapita nyumba kwa nyumba. Akionekana balozi anazunguka, sisi wote hujifanya hatupo, kwa sababu ni mkutano au mchango. Leo alikuwa anaomba sabuni. Siku hizi, sabuni! Mtu akipata mche anaukata kwa uzi na kuuficha chini ya godoro. Lakini kila nyumba imemega. Kaja na bakuli kaniwekea mezani. Kipande cha rangi ya bluu. Kipande chenye alama za meno ya panya. Kimoja cha kuogea, kinanukia waridi, kutoka kwa nesi wa pale kona ambaye hata salamu tulikuwa hatupeani.

Nilitaka kushukuru. Nimesema, "Haya, mzee." Basi. Kanipiga bega kaenda zake.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeomba ruhusa ofisini. Wanawake wamekuja asubuhi na pumba za mahindi na vikapu vya udongo mweupe. Hapa nyumba ikichakaa wanawake huipaka wenyewe, na mwenye nyumba hana sauti. Nilijaribu kuelekeza. Nikaambiwa nichukue mablanketi niende mtoni.

"Nenda ukafue, tukuone," kasema Mama Kristina.

Nimefua. Maji ya kukata vidole. Kina mama waliokuwa mtoni waliacha kazi zao wakanitazama kama sinema ya bure, mmoja akanifundisha kukamua blanketi huku akicheka. Sikukasirika. Ni siku nyingi sijachekwa kwa wema.

Niliporudi walikuwa wamesugua kuta kwa pumba kavu, masizi yameshika kwenye pumba, kisha sabuni, kisha udongo. Nyumba nyeupe. Walikuwa wanaimba kwa Kifipa, nadhani mimi nimo ndani ya wimbo huo. Friji wameitoa nje, ipo uani. Kuku wa jirani ameshaanza kutaga humo.

Sweta mbili zimetakata. Chandarua kimebaki cha kijivu. Harufu bado ipo.

Jumamosi, 12 Julai

Basi limechelewa, lilikwama njiani. Atu kashuka na mtoto mgongoni amefunikwa gubigubi. Nilimwambia yote kabla mzigo haujashushwa. Dizeli, madirisha, kila kitu. Kakaza mbeleko, katangulia njia nzima.

Kasimama mlangoni, kavuta pumzi. Chini ya harufu ya udongo dizeli ilikuwepo, hata mimi niliisikia.

"Mtoto halali humu leo," kasema.

Mama Kristina alikuwa ameshawatandikia kwake. Wamelala huko. Mimi peke yangu kwenye nyumba nyeupe. Mtoto sijamgusa. Atu kaona sijamgusa. Hiyo ndiyo iliyoniumiza, sio kulala peke yangu.

Jumapili, 13 Julai

Jua zuri. Upepo umetulia. Jirani zetu walikuwa misani, mtaa kimya.

Atu kaja na mtoto. Kafungua madirisha yote, kapita chumba hadi chumba akinusa pembe. Nyuma ya mlango palikuwa na sehemu iliyosahaulika. Kafunga kanga kiunoni, kamweka mtoto kwenye mkeka, katia mikono yote miwili kwenye ndoo ya udongo. Mtoto kaanza kulia.

"Mchukue," kasema. "Mimi nimechafuka."

Nilitaka kusema nina mafua. Nikatazama mikono yangu. Siku zote hizi za kusugua na kufua, hata kucha zilikuwa nyeupe.

Nimemchukua. Ni mzito kuliko nilivyofikiri. Nimekaa naye kizingitini juani, akanyamaza, akalala. Nilikitazama kifua chake, kinapanda, kinashuka. Nilisubiri kisimame. Hakikusimama.

Pale nyuma ya mlango Atu alimaliza mapema. Nilisikia ananawa mikono, kisha nikasikia kiti kinasogezwa, anakaa. Hakuja kumchukua.