Chupa ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Blowa ya pili, mashine ya kupuliza hewa bwawani, bado imelala. Wiki ya tisa leo. Ya kwanza inafanya kazi ya mbili, inakohoa kama mzee wa sigara. Fundi kawaandikia makao makuu barua ya kuomba beringi mara sita, na ya sita kaiandika kwa herufi kubwa tupu. Kimya.

Kilicholetwa leo badala ya beringi — rangi. Madebe manne ya kijani, na kibao kipya cha getini: KARIBUNI MUONE MANDHARI YA ARDHIOEVU. Meneja alishika ngazi mwenyewe wakati kinapigiliwa. Ndiyo maana tunamwita Mandhari. Neno hilo halimtoki mdomoni.

Kumbe ni shule. Mwezi wote huu zinakuja kututembelea, na wa kuwatembeza ni mimi tena, kwa sababu eti watoto wananipenda. Sawa. Na mimi nawapenda. Miaka kumi na moja nawaonyesha chupa zangu tatu. Ya kwanza, majitaka yanavyoingia kutoka mjini. Ya pili, yakitoka bwawa la hewa. Ya tatu, yakishapita kwenye matete, pale yanapoingia mtoni. Wanafika wameziba pua, wanataniana majina ya chooni. Wakiiona ya tatu ilivyo safi wananyamaza. Hata watundu. Kila mmoja anataka kuishika.

Nimemwambia Mandhari mwezi huu ya tatu haionyesheki. Bila hewa ya kutosha vijidudu vinavyokula uchafu vinakufa, na uchafu unapita kwenye matete karibu kama ulivyokuja. Kasema tutaona.

Jumatano, 6 Machi

Tumeona!

Asubuhi nilichota ya tatu mwenyewe, pale pale maji yanapotoka. Ya kijivu, povu juu, inanuka yai viza. Nikaiweka mezani pamoja na zile mbili, nikaenda getini kupokea wageni. Kurudi — chupa inang'aa kama chozi. Kibandiko changu, mwandiko wangu: 3. YANAPOTOKA. Ndani, maji ya bomba. Yale ya asubuhi yamemwagwa kwenye sinki, povu bado linashuka.

Mandhari kasimama pembeni, anawachekea watoto, na mimi ananinong'oneza kwa pembe ya mdomo: ni maji tu, mama, maji ni maji, tusiwatishe wana wa watu.

Na mimi, na mdomo wangu huu wote, nikasema, "Na hii ndiyo chupa ya tatu." Basi. Sikusema kwamba hayo ndiyo yanayoingia mtoni. Nikajiona mjanja, eti sijadanganya. Wakapiga makofi. Watoto arobaini na wawili nimewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na walimu wao juu.

Baadaye kwenye daraja la mbao, juu ya matete. Upande wa kuingilia maji, matete yote ni manjano, mengine yameoza shinani. Mandhari akalivuta kundi zima upande wa pili kwenye yangeyange, wale ndege weupe. Katoto kamoja ka kike, kamevaa miwani, kakauliza mbona yale kule yamekauka. Akajibu, "Yanapumzika."

Matete yanapumzika. Nimemsimulia Fundi, kacheka mpaka spana ikamdondokea mguuni. Mimi sikucheka. Hasira hasara, akaniambia. Nikamuuliza hasara ipi iliyobaki.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda ofisini kwa Mandhari. Nimerudi.

Kwa ufupi: wakubwa wa makao makuu wanakuja mwisho wa mwezi. Kituo kikionekana kibovu, kitafungwa, na tutamwaga unga sote, na Fundi amebakiza mwaka mmoja tu astaafu, nimfikirie Fundi. (Ghafla anampenda Fundi.) Kisha akaniambia kuna nafasi kituo cha pampu, kule mbele ya lami inapoishia, ya kusoma mita peke yako. Mtu mtulivu angepapenda, kasema. Anajua nina mtoto wa shule. Ananitisha huku ananimiminia chai.

Akanipa na ratiba. Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi: shule ya binti yangu. Darasa lake.

Jumapili, 10 Machi

Binti ameshona kifungo cha sare mwenyewe. Amejaza viatu magazeti ili vikae vizuri. Ameshawatangazia wenzake wote kwamba mama yake maji hayamdanganyi.

Alipokuwa na miaka mitano sikuwa na wa kumwachia siku za likizo. Alikuwa anakaa maabara juu ya kile kiti kirefu, miguu inaning'inia. Ili asinisumbue nikamtungia mchezo: namfunga kitambaa machoni, ananusa chupa, anataja. Ya kwanza, "choo cha stendi." Ya pili, "chumba kilichofungwa." Ya tatu, "udongo baada ya mvua." Siku moja nikamtegea maji ya bomba, nione. Akakunja pua: "Hii hospitali." Ni ile dawa ya kuulia vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba. Watu wazima wengi hawaisikii. Hajawahi kukosea hata mara moja.

Leo jioni nilifungua mdomo nimwambie. Kabisa nilifungua. Nikamwambia apige pasi na kola.

Alhamisi, 14 Machi

Niandike yote. Nisiruke kitu.

Wamekuja saa tatu na dakika kumi, mwalimu wao wa darasa mbele, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele. Binti mstari wa kwanza, soksi mpaka magotini. Hanisalimii. Ndivyo tulivyokubaliana, kazini mimi si mama yake. Lakini macho yanacheka.

Nilikuwa na mpango. Chupa nizipitie haraka haraka, mtu asiguse, tukimbilie ndege. Ya kwanza nikaieleza, ya pili nikaieleza, ya tatu nikasema ile sentensi yangu ya kijanja, nikageukia mlango.

Mandhari akaingilia. Siku hizi amenogewa na makofi. "Ngojeni kwanza! Nani jasiri, aje anuse?"

Nusu ya darasa ikarudi nyuma. Nusu ikapiga kelele jina la binti yangu, wakamsukuma mbele. Yeye, yeye, mama yake ndiye huyu! Mandhari akafurahi utadhani kapata mjukuu. "Kumbe! Mtoto wa mwenyeji! Njoo, mama, njoo."

Akanusa ya kwanza. Akasema choo cha stendi. Walicheka mpaka mwalimu akacheka. Ya pili, chumba kilichofungwa. Akawa anatamba sasa, mikono nyuma kama profesa. Akainama kwenye ya tatu.

Akakaa pale.

Akanusa mara ya pili, amefumba macho, kama enzi za kitambaa. Alipoyafumbua hakuitazama chupa. Alinitazama mimi.

Nafasi ilikuwepo. Naandika hili kwa sababu najijua, kesho nitasema haikuwepo. Ilikuwepo, ilikuwa pana, ungepitisha mkokoteni. Fundi alikuwa mlangoni, akatazama sakafu. Mandhari anatabasamu. Na mimi, mama mzazi, nikasema, "Haya, waeleze wenzako, mwanangu."

Akasema, "Inanuka udongo. Baada ya mvua."

Makofi. Mandhari kapiga kuliko wote. Akatangaza kwamba kila mmoja ataandika insha, na insha bora itawekwa kwenye fremu getini, wageni wa makao makuu waisome. Mwalimu akasema insha zifike kwake Jumatatu asubuhi.

Maneno yale nilimfundisha mimi. Na uongo nimemfundisha mimi, mbele ya darasa zima, kwa sauti ya upole. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanasema. Basi nyoka ndiye mimi.

Nimevunja kikombe jikoni. Si kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 15 Machi

Hanisemeshi. Si kununa — angenuna ningejua, ningemtania mpaka acheke. Ananijibu vizuri, "ndiyo mama," "asante mama," kama mgeni aliyelala kwetu usiku mmoja.

Kazini nimemfokea mlinzi, kisa funguo. Hana kosa. Nimemfokea na Fundi, nikamuuliza kwa nini alitazama sakafu. Akanijibu wewe ulitazama wapi.

Jumapili, 17 Machi

Zamu ya Jumapili, nusu siku. Sampuli ya leo mbaya kuliko zote. Nimeiandika kwenye daftari la maabara kama ilivyo. Daftari la maabara sijawahi kulidanganya, na nilikuwa najivunia hilo. Najivunia nini? Nani analisoma? Linakaa kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Mchana binti aliandika insha mezani, amezungushia mkono nisione. Kisha akaenda kuchota maji, akaliacha daftari wazi. Mtoto huyu haachi kitu wazi. Aliniachia.

Mwandiko mzuri. Ameandika juu ya geti, na rangi ya kijani ambayo haijakauka na imemchafua mwenzake sketi. Ndege. Mitambo miwili, mmoja ukiwa kimya. (Nani alimwonyesha blowa? Hakuna. Ana masikio.) Halafu hivi:

"Chupa ya kwanza ilinuka choo cha stendi. Chupa ya pili ilinuka chumba kilichofungwa. Chupa ya tatu ilinuka"

Na hapo pameachwa mstari mtupu. Mstari mmoja tu. Chini yake insha inaendelea mpaka mwisho: tunawashukuru, tulirudi salama.

Aliporudi na ndoo nilikuwa bado nimesimama pale. Nikamuuliza hujamaliza? Akatua ndoo, akajifuta mikono.

"Nikiandika kweli utafukuzwa kazi?"

Nikasema huenda. Kuna kituo cha pampu mbali, wanaweza kunipeleka huko.

"Na nikiandika kama nilivyosema?"

Nikasema utashinda. Utawekwa getini kwenye fremu.

Akafikiri. Akasema, "Mimi sitaki kuamua, mama. Mimi mtoto." Akaenda kukunja nguo.

Nimekasirika mpaka masikio yanapiga. Na Mandhari, ndiyo. Na hao wa beringi, ndiyo, mbarikiwe na rangi yenu. Lakini huyu wa kwenye kioo cha bafuni ndiye ninayetaka kumzaba kibao. Nimemwachia mtoto wa miaka kumi na moja mzigo wangu aubebe, halafu najiita mkali. Kazi yangu ni kusema maji yakoje. Hiyo tu. Sikuajiriwa kwa kingine.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya darasa la binti. Daftari hili nimelibeba, leo sikutaka kuliacha nyumbani.

Saa kumi na mbili tulikuwa kituoni, mimi na binti. Mlinzi alitaka kuuliza, akaniona uso, akafungua. Ndani ya maabara nikaichukua ile chupa ya maonyesho yenyewe, yenye kibandiko changu. Maji ya bomba nikayamwagia maua ya Mandhari. Tukapita daraja la mbao. Binti hakuwa amepelekwa upande ule siku ile. Akayatazama matete yaliyooza, akanishikia mkoba wakati nachota. Nilipofunga kifuniko akaomba anuse. Nikamshikia. Hakuhitaji kitambaa.

"Hii haina jina," alisema. Ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa tangu tutoke nyumbani.

Mstari wake sijaujaza. Wala yeye. Nimemwambia auache mtupu, nitamjazia mimi kwa mdomo, mbele ya mwalimu na darasa lote. Makofi niliyapokea mbele yao. Bora lawama kuliko fedheha, alikuwa anasema bibi yangu, na alilaumiwa sana yule bibi.

Chupa iko mapajani, nimeizungushia gazeti. Binti kauliza kama kifuniko kimekaza. Kimekaza, lakini cha kuvunda hakina ubani, benchi zima linanuka. Watoto wanaopita wanakimbia wakicheka. Yeye hajasogea. Kainua kichwa kama mtu anayesubiri picha. Goti lake limegusa langu.

Simu imeita. Mandhari. Sikupokea. Ameandika ujumbe: shule ya leo iko njiani, chupa ya tatu haionekani mezani, nani ameichukua.

Simu inaita tena.

Mwalimu wa darasa amefungua mlango, amekunja pua, ameuliza harufu hiyo ni ya nani. Binti ametaka kusimama. Nimemshika bega akae. Nimesema ni yangu. Mwalimu ametutazama, mimi, yeye, gazeti. Amesema amalize kuita majina, kisha tuingie. Sasa anaita. Yuko herufi za katikati. La binti yangu halijafika.