Kombe la Kulia la Mihrabu

Tagadirt,
Milima ya Atlasi,
14 Februari 2024.

Kwako Mjomba Bihi mpendwa,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Lyon? Kifua chako kimepona? Sisi tu wazima, ingawa baridi inapenya hema. Mama anakusalimu. Mbuzi wako wa madoadoa amezaa mapacha.

Kaburi la Bibi tumelizungushia mawe. Usijilaumu kwa kukosa mazishi ya mama yako. Njia ilikuwa imezibwa na maporomoko, hata jamaa wa Marakesh hawakufika.

Msikiti wetu usingeutambua, Mjomba. Ulikuwapo tangu enzi za watawala Wamuwahidi, karibu miaka mia tisa, na hata ulipopoteza paa tuliendelea kuswali Ijumaa chini ya mbingu. Tetemeko la Septemba liliangusha matao kumi na moja. Mnara umepasuka hadi chini. Mihrabu imebaki imesimama peke yake.

Mafundi wamekuja. Kila kipande kilichoanguka hupewa namba, kisha hutafutiwa mahali pake. Babu huitwa kuwaonyesha, kwa kuwa ameulinda msikiti miaka arobaini. Hemani hasemi na mtu, lakini kule husema: hiki ni cha tao la tatu, hiki cha nguzo ya mwisho.

Juzi niliwapelekea chai. Juu ya mihrabu kombe la plasta la kushoto, lile pambo la umbo la gamba la chaza, lipo, la kulia ni pengo. Wamechekecha kifusi chote wasilione. Fundi mkuu akamtania, "Ee Babu, kombe lako limekwenda Makka bila kutuaga?"

"Limekwenda kibarua Ufaransa," Babu akajibu.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Babu hakucheka. Alijifunika uso kwa ncha ya kilemba.

Mimi nilielewa, maana Bibi alinisimulia. Ulipoondoka, Babu aliokota kombe lililodondoka kwa mvua, akalifunga ndani ya shati, akakupa, akakwambia pengo lake litakungoja. Sasa anaona haya kuwaambia mafundi kwamba mlinzi mwenyewe ndiye aliyelitoa.

Ramadhani ikiisha watalijaza pengo kwa plasta mpya. Babu amekonda, na kila alasiri huketi akilitazama. Hajui kwamba nakuandikia.

Msalimie mkeo Rqia. Mwambie mwanao Idder mmoja wa wale mbuzi mapacha ni wake, nimemwachia amchagulie jina.

Mola akufungulie njia. Na tafadhali, Mjomba, kombe usilitume kwa posta. Linaweza kuvunjika, na anayengojwa na Babu si kombe.

Mpwa wako akupendaye,
Ijja