Nilichompunguzia Daktari

Jumatatu, 4 Oktoba 1971
Kiwandani tena. Nashonea vifungo vya makoti kwenye kadi za dukani, sita kila kadi. Vidole vinauma. Wiki ya kumi na moja tangu niache shule na bado sijamwambia msimamizi kwamba siitwi Zoe. Jina la Zuhura lilimshinda siku ya kwanza, akaniita Zoe, nami nikaitika.
Mama bado anakohoa. Anasema ni baridi ya nyumba hii. Kweli ukuta wa chumba ninacholala na mdogo wangu Rukia unatoka maji. Lakini kikohozi kilianza Juni, na Juni huku kwa Wazungu ni majira ya joto.

Alhamisi, 7 Oktoba
Mtaa wetu umo gazetini, ukurasa wa mbele. Picha ya Lozells, mapipa ya taka yamefurika, na nyuma yake kanga za Mama zimeanikwa. Aliziona kabla ya kitu kingine. Akafurahi. "Zuhura, si kanga zangu hizi? Nisomee, wamesemaje?"
Kila jioni namsomea gazeti kwa Kiswahili. Ndiyo kazi yangu tangu nina miaka tisa, na najivunia kwamba siruki neno. Sikuruka. Wageni. Wamerundikana. Kifua kikuu, wanakuja nacho. Mama akainuka, akaenda kuanua kanga. Zilikuwa bado mbichi.

Ijumaa, 8 Oktoba
Gazeti lilikuwa kwenye meza ya chai kiwandani. Maureen, anayekaa kushoto kwangu, akauliza, "Zoe, si kwenu huku?" Nikasema hapana, nakaa Perry Barr, mtaa wa Wazungu. "Afadhali, mpenzi. Maana hawa ugonjwa wanaufunga kwenye masanduku pamoja na sufuria." Wakacheka. Nami nikacheka.
Najichukia.

Jumatatu, 11 Oktoba
Kikombe changu kimepakwa rangi ya kucha kwenye kishikio, nyekundu, kisichanganyike na vyao. Sikunywa chai.

Jumatano, 13 Oktoba
Nimeiona leso ya Mama kabla hajaifua. Damu. Si nyingi.
Bi Asha, jirani yetu wa kutoka Mombasa, alikuwepo. Mama hamfichi kitu. "Shoga, nyamaza," akamwambia. "Wakijua watawarudisha nyote. Na huyu binti nani atamposa, katoka nyumba ya kifua?" Walizungumza kama sipo. Baba hajui lolote. Anatoka alfajiri kwenda kwenye kiwanda cha chuma, akirudi ni kula na kulala.

Jumanne, 19 Oktoba
Mama hakumsikiliza Bi Asha. Kavaa koti lake zuri, kaniambia twende kwa daktari. Njiani alisema mara mbili, "Mwambie yote, mwanangu. Mwambie na damu."
Kwenye benchi la kusubiri alikuwa Maureen. Daktari huyu ni wa watu wa mtaa wetu tu; kumbe naye anakaa Lozells. Akanipungia mkono. Mlango wa daktari haufungiki vizuri, kila neno linasikika nje.
Mama alieleza kirefu, tangu Juni, jasho la usiku, damu. Daktari akanitazama. Nikasema, ana kikohozi, ni baridi. Akauliza kama kuna jingine. Nikasema hakuna.
Chupa ya dawa ya maji. Basi.
Barabarani Mama akasema, "Mbona yangu yalikuwa mengi, yako machache?" Nikamjibu ndivyo Kizungu kilivyo.

Jumamosi, 23 Oktoba
Ramadhani. Mama amefunga. Mifupa ya shingo imetokeza, lakini watu wanadhani ni saumu. Baada ya futari anakunywa kijiko cha dawa. Anasema daktari keshasikia yote, ingekuwa jambo kubwa angesema.
Nikataka kumwambia. Nilikwenda kuosha vyombo.

Jumapili, 7 Novemba
Rukia anakohoa. Ana miaka minne. Siku nzima yuko mapajani kwa Mama.

Jumatano, 10 Novemba
Mama kaanguka jikoni akikaanga kaimati za futari. Damu ilijaa sinki. Nilizima jiko kwanza, sijui kwa nini. Baba alikimbilia simu ya barabarani bila viatu. Gari la wagonjwa lilipofika mtaa mzima ulikuwa nje unatazama. Sikumjali hata mmoja. Ningeweza kutojali wiki tatu nyuma.

Ijumaa, 12 Novemba
Kifua kikuu. Pafu la kushoto limeharibika sana. Atalazwa miezi, na hawaahidi kitu. Rukia naye anacho, kidogo, dawa zitamtosha.
Baba aliniuliza yule daktari wa mwanzo alisemaje. Nikasema alisema ni baridi. Huo nao ni uongo. Mimi ndiye niliyesema.
Sijarudi kiwandani.

Jumapili, 21 Novemba
Idi imepita bila Mama. Leo nimeruhusiwa kumwona, nimefunikwa mdomo kwa kitambaa. Sauti yake imekuwa ndogo. Daktari wa wodi akaja na faili, akataka kujua ugonjwa ulianza lini na kwa nini alichelewa. Akaniangalia mimi, kama wanavyoniangalia wote.
Mama akasema taratibu, akinipa nafasi baada ya kila neno. "Mwambie nilianza Juni. Mwambie damu nilikwenda nayo kwa daktari mapema, nikampa binti yangu aiseme. Mwambie binti yangu aliona haya. Bado mdogo, asimgombeze."
Alikuwa anajua. Tangu siku ile, barabarani.
Nikatafsiri. Juni. Damu. Binti yake aliona haya, bado mdogo. Nilisema "binti yake", halafu nikarudia, nikasema "mimi". Sikuruka neno. Daktari aliandika, hakunigombeza. Mama alikuwa kashafumba macho kwa uchovu.
Nyumbani nimefua kanga zake, nikazianika uani, mahali pale pale palipopigwa picha. Mwezi huu hazikauki. Nimeziacha.