Waya wa Kijani Bombani

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefungua kasha la kompyuta tena. Mara ya tatu mwezi huu, na mwezi ndiyo kwanza umeanza. Vumbi la Dodoma haliombi ruhusa. Nimefuta feni kwa brashi ya rangi, nikatoa kadi ya kumbukumbu, RAM, nikairudisha. Mashine ikawaka vizuri. Kisha nikashika bati la kasha, likaniuma.

Si shoti ya kumrusha mtu. Ni kama siafu wanaotembea ndani ya mkono mpaka kiwiko. Sababu naijua. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia, unaishia kwenye nondo iliyochimbiwa pembeni mwa nyumba. Nondo imeliwa na kutu, na ardhi haijaona tone tangu masika yaishe. Fundi alisema niimwagie maji ya chumvi. Nimemwaga ndoo mbili kwa kujificha, maana maji yenyewe ni ya mgao. Bado inauma.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata dawa. Bomba la maji.

Ni la chuma. Linatoka barabarani, linapita chini ya ua na kuibuka nyuma ya dirisha langu, na hapo ndipo ilipo koki ya nyumba nzima. Chuma kirefu namna hiyo kilicholala ardhini ni ethi tosha. Nimefunga waya wa kijani kwenye skrubu ya kasha, nikaupitisha dirishani, nikaubana kwa klipu nyuma ya bomba, pasipoonekana. Nikashika bati. Kimya. Nimekulia kijijini Haneti kwa mwanga wa kibatari, leo nauelekeza umeme pa kwenda. Kichwa kimevimba kidogo, nakubali.

Sijamwambia Bi Zuhura. Ndiye mwenye nyumba, angeniuliza maswali mpaka kesho. Anakaa chumba cha mbele peke yake, mjane wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa mji huu. Kila alfajiri ndiye wa kwanza bombani, anatawadha. Wa pili ni Mama Neema, mpangaji mwenzangu, anayechota ndoo yake kabla ya kwenda sokoni kuuza mchicha. Mimi huamka wa mwisho. Hakuna atakayeuona huo waya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kadi mpya ya picha imefika. Nzito kama tofali la kuchoma. Pawa saplai ya zamani, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, haiiwezi, kwa hiyo nimenunua nyingine kwa jamaa anayeuza vifaa vilivyotumika. Anasema imetoka Ulaya, haina tatizo. Ina harufu ya kitu kilichowahi kuungua. Nilinusa, nikanunua.

Tarehe 26 kuna mashindano ya gemu mjini, kila mtu anakuja na mashine yake. Waliojiandikisha ni wanaume watupu, na mimi. Ofisini kule masjala wananijua kwa mafaili tu. Siku hiyo watanijua kwa kingine.

Gemu lenyewe ni zito, na bando la usiku ndilo nafuu. Naiacha mashine ipakue yenyewe mpaka asubuhi, mimi nalala. Umeme ukikatika na kurudi, itajiwasha. Nimeiseti hivyo. Nikienda kazini nazima kwenye soketi kabisa.

Jumanne, 15 Oktoba

Bi Zuhura alikuwa amekaa kizingitini anajisugua mkono kwa mafuta ya nyonyo. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema mkono umekufa ganzi tangu alfajiri, alipokuwa anatawadha. Nikamwambia apime presha. Nilikuwa nimechelewa, sikukaa.

Picha za gemu zinateleza kama maji. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi kikitoka mikononi mwangu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ganzi tena. Alfajiri tena. Bi Zuhura anasema ni kama kuna mtu anamshika kiwiko na kumvuta. Amesoma aya zote anazozijua. Mama Neema anasema ni presha hiyo, mama yake ilimwanza vivyo hivyo.

Nimeomba ruhusa kazini, nikampeleka zahanati. Presha iko juu kidogo, kapewa vidonge. Njia nzima alinishika mkono na kuniombea mume mwema. Nilirudi nimefurahi na nafsi yangu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Leo na mguu. Anasema alikuwa ameuinua mguu wa kulia auoshe, akajishikilia kwenye bomba asianguke, na tetemeko likamshuka kutoka begani mpaka unyayo wa kushoto.

Akajishikilia kwenye bomba.

Sitaki kuandika ninachofikiri. Mchana niliporudi kula nilikwenda bombani, nikalishika kwa mikono miwili. Hakuna kitu. Nilikaribia kucheka. Ni presha tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Si presha.

Nilivyo mpumbavu, juzi nililishika bomba nimevaa ndala, na mashine nilikuwa nimeizima asubuhi. Leo nimejaribu kama fundi. Mama Neema alikuwa kanisani, Bi Zuhura amekwenda msibani. Nikawasha mashine, nikachukua tesita, ile bisibisi yenye kitaa ndani, nikaigusisha kwenye bomba. Kitaa kikawaka chekundu.

Nikafuata njia ya bomba mpaka getini. Pale kwenye mita, chuma kinaisha. Kuanzia hapo hadi barabarani ni plastiki nyeusi. Bi Zuhura aliporudi nilimuuliza kijuujuu. Akasema la chuma lilioza zamani, mwanawe Hamisi akaweka la plastiki. Kwa hiyo chuma changu kirefu ni kipande kifupi tu kwenye udongo mkavu, hakipeleki umeme kokote. Kinamsubiri mtu mwenye miguu iliyolowa.

Sasa naelewa kwa nini ni yeye tu. Mama Neema anafungua koki kwa mpini wake wa plastiki, kavaa ndala, anasubiri ndoo ijae. Bi Zuhura anavua ndala ili aoshe miguu, anasimama peku juu ya saruji iliyolowa, anashika chuma. Na ni alfajiri, wakati mashine yangu bado inapakua.

Ningeutoa waya leo. Nilikuwa nimeshaushika. Lakini pawa saplai hii inavujisha umeme vibaya, nikiutoa kasha litaniuma mimi, na nina mazoezi wiki nzima. Nitaweka kengele saa kumi alfajiri, nitazima kwenye soketi kabla hajaamka. Siku sita tu. Nimeandika hivyo nikaona aibu, lakini sifuti.

Jumanne, 22 Oktoba

Siku mbili hakuna ganzi. Bi Zuhura anavisifu vidonge, anamshukuru Mungu, kisha ananishukuru mimi. Ameniletea vitumbua kwenye sahani yenye kawa. Nimevila. Vilikuwa vitamu.

Hamisi amepiga simu kutoka Dar. Anataka amchukue mama yake, nyumba ipangishwe yote, mgonjwa asikae peke yake. Bi Zuhura amekataa. Alizaliwa mtaa huu, kazika mume hapa, Dar hamjui mtu wa kumsalimia dirishani. Hamisi kasema akipatwa tena, hakuna mjadala.

Kengele inalia, naamka, nazima. Nasikia ndala zake zikipita nje ya dirisha. Nabana pumzi mpaka koki ifungwe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mwandiko mbaya leo.

Kengele ililia saa kumi. Giza. Umeme umekatika. Feni ya mashine kimya. Nikasema umeme haupo, hatari haipo, nikajifunika. Soketi sikuigusa.

Kilichoniamsha ni feni ikizunguka. Umeme umerudi, mashine imejiwasha, kama nilivyoitaka. Adhana ilikuwa inaendelea. Na nje, maji yanamwagika.

Nikasikia kopo likianguka. Nikafungua mlango. Bi Zuhura yuko chini, miguu imekunjwa kwenye maji, mkono mmoja umelishika bomba na haubanduki. Hakupiga kelele. Taya zilikuwa zimefungwa. Mama Neema naye alikuwa ametoka, yuko mlangoni kwake, kanga kifuani.

Mimi niligeuka, nikarudi ndani. Nikang'oa plagi.

Niliporudi mkono ulikuwa umeachia. Alikuwa anapumua. Tukambeba, tukampeleka hospitali.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika, alikiangukia. Kiganja cha kulia kina alama ndogo, kama aliyeshika sufuria ya moto. Wodini wanasema presha ilimwangusha, labda na kiharusi kidogo, wanamwangalia. Hakuna aliyeuliza juu ya kiganja. Na mimi sikusema.

Waya nimeutoa. Uko mezani, umejikunja.

Jioni Mama Neema alinikuta uani, akaniuliza polepole, bila ukali, "Penina, jana bibi yuko chini pale. Wewe ulirudi ndani kufuata nini?"

Nikasema simu.

Akanitazama miguuni. Akasema haya, akaingia kwake. Najua hakuniamini, na ameanza kuchota maji kwa jirani.

Jumamosi, 26 Oktoba

Asubuhi walinipigia simu mara mbili kutoka ukumbini. Nilikuwa nimeshaifunga mashine kwa shuka, tayari kuipakia kwenye bajaji. Nimekaa kitandani nikiitazama. Kisha nikachukua waya, nikauweka kwenye pochi, nikaenda hospitali.

Hamisi alikuwa amefika kwa treni. Mtu mzima, mpole, kanishukuru kwa kumtunza mama yake. Alikuwa anamweleza mipango. Jumatatu akiruhusiwa wanaondoka naye. Ameshapata mtu wa kupanga. Bi Zuhura hakubishana. Machozi yalikuwa yanamtiririkia masikioni, na hakuwa na mkono mzima wa kuyafuta.

Nikautoa waya, nikaulaza juu ya shuka. Nikasema yote. Bomba, pawa saplai, tesita, kengele. Nikasema haumwi, hajawahi kuumwa, ni mimi.

Hamisi alisimama. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Alitoka nje akaupiga ukuta.

Bi Zuhura aliuangalia waya. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili, bibi."

Akakunja vidole vya mkono wenye alama. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Kisha akaangalia ukutani, na hakunigeukia tena mpaka nilipofukuzwa na muuguzi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Hamisi kaleta fundi wa umeme. Kapima, kakagua, kasema mama ana bahati. Amechimbia nondo mpya kwa mkaa na chumvi, akaweka na kikatio kinachozima nyumba nzima umeme ukivuja. Daktari naye amekikagua upya kiganja. Kiharusi hakipo. Vidonge vimepunguzwa.

Bi Zuhura haendi Dar. Amesema harudii neno hilo. Hamisi kaniambia mbele ya Mama Neema nihame, na nisiongee na mama yake. Nimefunga nguo kwenye begi. Pawa saplai nimeivunja kwa nyundo ili asiuziwe mwingine. Kasha liko tupu chini ya kitanda.

Jumatano, 30 Oktoba

Hamisi ameondoka. Leo alfajiri mlango wangu umegongwa.

Bi Zuhura, na kopo, na bendeji. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Alinionyesha bomba kwa kidevu.

"Vua viatu. Shika wewe kwanza."

Nikavua. Akamwaga maji miguuni pangu, saruji ikalowa. Nikalishika bomba kwa mikono miwili. Niliogopa. Najua fundi alimaliza kazi, najua mashine ni kasha tupu, na bado niliogopa. Akanisimamisha hapo. Sijui dakika ngapi, adhana ilianza na kuisha.

"Toa."

Akavua ndala. Hakulishika bomba. Alinishika bega mimi, akainua mguu.

Jumapili, 3 Novemba

Siku ya tano. Siku hizi sisubiri kugongewa, namkuta au ananikuta. Navua viatu, nashika, nahesabu kimoyomoyo mpaka aseme toa. Kisha namfungulia koki, kwa kuwa ana mkono mmoja. Anaosha uso. Kwenye bendeji anapitisha maji juu tu, mara moja. Miguu anaiosha akiwa ameniegemea. Ni mwepesi sana.

Shikamoo yangu bado haijibu. Mama Neema amerudi kuchota hapa. Begi langu liko mlangoni limefungwa. Bibi hajaniambia niende, hajaniambia nibaki, na mimi siulizi.

Leo alipomaliza alitazama chini ya koki, akasema niikaze vizuri, inadondosha, na maji hayaji tena mpaka Jumatano. Nikaikaza.