Upepo wa Jumanne

Machi 3

Mwanangu Bisibisi,

U mzima huko ugenini? Unakula? Hizo lifti unazotengeneza zinakupandisha na kukushusha salama? Mimi sijambo kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Chini ya hapo tusiulizane.

Goti limegoma. Daktari kasema niache kukanyaga cherehani, kaongea kirahisi kama mtu anayekuambia upunguze chumvi. Miaka thelathini na moja nimelikanyaga kanyagio lile! Sijui nani amepeleka habari, lakini baba yako ameapa kwamba tarehe thelathini na moja Mei anakuja na pikapu. Anataka kulifunga duka na kunihamishia kwake, kwenye kile chumba cha nyuma, nikakae nikiutazama ukuta na kuitwa chakula kikiiva. Kaka yangu nampenda, lakini hilo silitaki hata kidogo.

Basi sikiliza. Umeme haujafika huku kwetu juu, na sola usinitajie, maana ukuta wa ghala unaninyima jua mpaka alasiri. Lakini upepo! Unaujua mlango wangu unavyobamizwa. Kwa muuza vyuma chakavu nimepata mota ya mashine ya kukimbilia, ile ambayo watu wanakimbia bila kufika popote. Fundi baiskeli jirani yangu amenipa betri ya gari iliyokwishatumika na kipande kirefu cha bomba la plastiki. Nataka upepo uiendeshe cherehani, mguu wangu ustaafu, mimi nibaki kazini.

Wewe ndiye fundi wa ukoo. Nichoree. Simu yangu imezama kwenye ndoo ya kulowekea vitambaa, kwa hiyo andika.

Shangazi yako

Machi 14

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na barua yako nimeisoma ndani ya lifti nikapitilizwa ghorofa tatu. Pole sana na goti.

Kusema kweli nilikaa nikuandikie upumzike. Lakini kalamu ilipogusa karatasi nikajikuta nachora mlingoti, kisha mkia, kisha nyaya, na saa ya chakula ikapita sijala. Shangazi, inawezekana! Inawezekana kabisa!

Michoro ni hiyo. Lipasue bomba kwa urefu wake, ukate mabawa matatu, uyafunge mbele ya mota. Mlingoti upite juu ya paa. Mkia wa bati utaugeuza mtambo uutazame upepo wenyewe. Nyaya mbili zishuke mpaka kwenye betri. Kwenye cherehani funga mota ndogo ya waipa ya gari, mkanda wake upite kwenye gurudumu la pembeni. Swichi iweke mezani uibonyeze kwa kiwiko.

Paani apande fundi baiskeli. Ukipanda wewe, nitakushtaki kwa Baba.

Binti yako

Aprili 2

Bisibisi!

Salamu utazikuta mwishoni. UNAZUNGUKA!

Jana asubuhi fundi baiskeli amefunga nati ya mwisho, mimi nikaunga nyaya kwenye betri, na mabawa yakaanza kwenda, mbio, yanavuma kama nyuki. Na hakukuwa na upepo, mwanangu! Hata uzi ulioning'inia dirishani ulikuwa umetulia. Fundi viatu kaacha kiatu cha mteja kwenye gundi akaja kutazama. Mama muuza maji kasema mtambo wangu una akili, hausubiri upepo. Cha ajabu ni kimoja tu: fundi baiskeli alipokuwa juu kwenye ngazi hakusikia ukimpulizia.

Ulisema mabawa matatu, nimeweka manne. Usinune. Tangu lini fundi cherehani akakata vipande vitatu? Kwangu mimi vitu huja viwili viwili.

Nasubiri betri ijae, halafu baba yako aje na pikapu yake tuonane. Haya, hujambo? Afya? Kazi?

Shangazi yako, mhandisi

Aprili 12

Mhandisi,

Shikamoo. Sijambo, kazi inaenda. Nimecheka mpaka mwenzangu kazini akaniuliza kama nimepata mchumba.

Upepo hakuna, mtambo unazunguka: Shangazi, hiyo ni feni! Betri ndiyo inayoizungusha mota. Badala ya kujaza betri, unaimwaga angani. Weka barua chini, nenda kachomoe waya mmoja, kisha rudi uendelee kusoma.

Umerudi? Ndani ya bahasha kuna kidude cheusi chenye mstari mweupe. Kinaitwa dayodi. Kazi yake ni kama valvu ya tairi la baiskeli: kinachoingia hakitoki. Kiunge kwenye waya nilioutia alama kwenye mchoro uliomo humu, ule mstari mweupe uelekee kwenye betri. Hapo umeme utashuka tu, hautapanda. Ukishakifunga, subiri upepo wa kweli.

Usikasirike. Mimi mara ya kwanza niliifunga lifti ikawa ukibonyeza juu inashuka.

Binti yako

Aprili 24

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mimi nipo.

Dayodi nimeiunga ulivyosema. Tangu hapo mtambo umesimama. Juzi kumevuma upepo umeangusha kibao cha fundi viatu, umepeperusha bati la mtu, na mabawa yangu manne yakatikisika kidogo kushoto, kidogo kulia, yakatulia. Fundi baiskeli kapaka grisi kila mahali, hata mimi kanipaka. Mota ukiizungusha kwa mkono ni laini kabisa. Betri imekwisha.

Watu wakipita wanatazama juu halafu wananisalimia kwa huruma. Afadhali wangenicheka. Suruali za sare za wateja zimelala hapa zimekatwa na hakuna wa kuzishona, maana jana nilijaribu kukanyaga na usiku sikulala kwa goti. Zimebaki wiki tano. Labda baba yako ana haki, nifunge tu.

Shangazi yako

Mei 4

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole. Nimeisoma barua yako mara tatu na haikunipendeza hata mara moja. Usifunge duka!

Nimefikiria mota, nimefikiria nyaya, sioni kosa. Yamebaki mabawa. Fanya hivi: laza kila bawa juu ya karatasi, upande wa mbonyeo ukutazame, chora kuzunguka ukingo wake, nitumie karatasi zote nne.

Kuna na neno jingine, linanikaa kooni tangu Machi. Uliuliza nani alipeleka habari za goti kwa Baba. Ni mimi. Ulinidokeza wakati wa sikukuu, nikampigia, nikamwambia mwenyewe kwamba ingefaa uhame. Niliogopa. Halafu ukaanza kunieleza mota na bomba, nikaona mtu niliyetaka kumwondoa kazini ana nguvu kuliko mimi. Nisamehe, Shangazi.

Binti yako

Mei 13

Karatasi hizi hapa, nne.

Hilo jingine tutaliongea nikimaliza kukasirika.

Shangazi

Mei 21

SHANGAZI!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nimezitandaza karatasi zako sakafuni kwenye chumba cha mitambo na nimepiga ukelele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani nimenaswa na umeme.

Umeandika kwa mkono wako: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Umekata mabawa kama mikono ya shati! Umekata moja, ukaigeuza karatasi, ukakata mwenzake. Shati lingekaa vizuri sana. Lakini mtambo hauna mabega, Shangazi. Mabawa mawili yanauvuta huku, mawili yanauvuta kule, nguvu sawasawa. Ungeusubiri mpaka uzee. Na kwa betri ulizunguka kwa sababu mota haijali sura ya bawa, ila haukumpulizia fundi baiskeli, maana mawili yalisukuma upepo mbele na mawili nyuma.

Toa yale mawili ya kushoto. Kata mengine mawili kwa karatasi ya kulia, nimeirudisha humu, na USIIGEUZE. Yote manne yawe ndugu wa upande mmoja. Basi, hakuna kingine!

Barua hii naituma kwa posta ya haraka. Baba anakuja tarehe thelathini na moja. Kimbia, ila si kwa goti.

Binti yako anayekusubiri

Juni 1

Mwanangu Bisibisi,

Unaendeleaje? Umelala? Mimi sijalala vizuri kwa furaha, na goti halina habari.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilijicheka mpaka nikakaa chini. Jioni ileile tukakata mabawa, fundi baiskeli akinishikia karatasi kwa mikono miwili nisije nikaigeuza kwa mazoea. Jumanne upepo ukaamka pamoja nasi. Mwanangu, uliyashika yale mabawa ukayapeleka! Taratibu, halafu mbio, halafu huyaoni tena, unaona duara tu. Nililia mbele za watu na sikuona haya. Umevuma mpaka Jumatano jioni, betri ikajaa. Kisha kimya, Alhamisi, Ijumaa, hata jani halikutikisika.

Na Jumamosi, yaani jana, baba yako huyo na pikapu. Hakunisalimia sawasawa. Alitazama juu, akaona mtambo umesimama, akanitazama kwa ile huruma nisiyoipenda. "Dada, umejaribu. Tupakie." Akainyanyua meza ya kukatia peke yake, mbishi kama unavyomjua. Alipofika nayo mlangoni, suruali yake ikapasuka nyuma, mstari mzima.

Nikamwambia, "Vua."

Akajifunga pazia la mteja, akakaa. Nikaweka miguu yote miwili juu ya stuli, nikabonyeza swichi kwa kiwiko. Cherehani ikaimba. Baba yako alitazama miguu yangu, akatazama dirishani, akatazama miguu tena.

"Upepo uko wapi?"

"Huu ni wa Jumanne," nikamwambia. "Nimeuweka."

Nikashona mpaka mwisho, nikakata uzi. Kisha akasema, na pazia lake kiunoni, "Niliogopa siku moja nitapigiwa simu kwamba umeanguka humu, uko peke yako." Nikamwambia na mimi naogopa hayo hayo, lakini kile chumba cha nyuma nakiogopa zaidi.

Na wewe, nimemaliza kukasirika. Goti linauma kweli, hukusema uongo. Kosa lako ni kumwambia yeye kabla yangu. Siku nyingine ukiogopa kwa ajili yangu, niogopee mbele yangu.

Baba yako kavaa suruali, kaivuta hapa na pale, kakosa kasoro. Akaenda mlangoni, akainyanyua meza, akairudisha dirishani ilipokuwa. Gari limeondoka tupu, mwanangu, na mimi nimebaki kazini kwangu.

Shangazi yako